Kipimo cha Fundi Zadok

Zadok Odoyo hakujua kitu kilichomo ndani ya boneti ya gari, na hakuona kama hilo ni kasoro. Kasoro, kwa maoni yake, ni kutojua watu. Watu aliwajua. Magari ya haibridi ya kuchaji, yale yanayonyweshwa petroli na kuchomekwa ukutani kama simu, yalipoanza kuingia Mwanza yakiwa yameshatumika ng'ambo, Zadok aliona jambo moja kabla ya wenzake: kila mwenye nalo analala na hofu. Ukaguzi wa kawaida unatazama breki, taa na matairi, unabandikiwa stika, unaenda zako. Ile betri kubwa iliyolala chini ya kiti cha nyuma haiulizwi hata jina. Na penye hofu isiyo na wa kuituliza, pana kazi.

Akafungua banda karibu na stendi ya Nyegezi, akaandika ukutani KIPIMO CHA BETRI. Kipimo chenyewe kilikuwa king'amuzi cha zamani cha televisheni, kisichopokea tena chaneli yoyote ila taa yake ya mbele bado nzima: nyekundu kikizimwa, kijani kikiwashwa. Rimoti ilikaa mfukoni mwa ovaroli. Nyaya mbili zilitoka kwenye gari zikaingia kwenye kisanduku, na humo ndani hazikushika chochote. Gari zuri la mtu mwenye wasiwasi lilipata nyekundu. Zadok akasikitika naye, akajitolea kumwondolea huo mzoga kwa bei ya mzoga. Wiki iliyofuata gari lilelile lilipata kijani mbele ya mnunuzi mpya. Magari mengi yalifia Nyegezi na kufufukia palepale.

Asubuhi moja akaja Mama Paskazia, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Sengerema. Gari lake jeupe liliingia bandani kimya, kama paka aliyekula samaki wa watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi wa kipimo?"

"Ndiye mimi, kwa neema."

"Nisaidie, mwanangu. Gari hili nililinunua Dar kwa mtu aliyeniapia kwa jina la mama yake. Stika ya ukaguzi hiyo hapo, mpya. Lakini stika inaniambia breki zinashika. Hainiambii kama kesho litawaka."

Zadok aliipenda kauli hiyo; alishaitumia mara nyingi kwa wateja. Akaliendesha gari hadi Butimba na kurudi. Halikuguna, halikutetemeka. Lilikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuyaua.

Akachomeka nyaya, akaingiza mkono mfukoni kama mtu anayetafuta leso. Taa ikawa nyekundu.

"Mama," alisema kwa upole, "nyumbani unaishi na mtu?"

"Kwa nini unauliza?"

"Habari kama hii si vizuri mtu kuipokea peke yake. Betri imekufa. Gari linatembea kwa mazoea tu. Siku si nyingi litasimama njiani."

Paskazia akashika kifua. "Una uhakika?"

"Kipimo hiki hakijawahi kudanganya."

"Basi waambie na hawa," alisema Paskazia, akiwaita mama muuza chai na madereva waliokuwa wakisubiri abiria. "Wanangu wasije wakasema nimetupa mali bila sababu."

Zadok akarudia, mara hii kwa sauti ya mimbari. Mama muuza chai alitikisa kichwa kwa huzuni. Paskazia alipofuta machozi kwa ncha ya kanga, Zadok aliguswa na wema wake mwenyewe kiasi cha kuongeza bei kidogo.

Ili kuipata bei hiyo aliuza kiwanja chao cha Buswelu, pale ambapo mkewe Truphosa alishachagua hata upande wa jiko.

"Kama limekufa unalinunua la nini?" Truphosa aliuliza.

"Limekufa kwa wengine."

"Nani alilipima?"

"Mimi."

"Na kipimo chako hukiamini?"

"Mke wangu, mimi si mjinga."

Mnunuzi alikuwa Geita, mtu wa madini, mwenye haraka. Zadok aliondoka saa za jua kali, kioo wazi, akipiga mluzi. Katikati ya daraja la Busisi dashibodi iliwaka taa zote kama harusi, kisha gari likanyamaza. Zamani kivuko kingekuvusha wewe na mzoga wako bila kuuliza. Daraja halina huruma hiyo. Zadok alisukuma, waendesha bodaboda wawili wakamsaidia, na wapita njia wakampiga picha.

Kutoka Busisi alipanda bodaboda hadi ghala la mpunga la Paskazia.

"Shikamoo, mama. Gari limekufa."

"Marahaba. Pole sana. Lakini si ulisema?"

"Nilisema, ila..."

"Ulisema mara mbili. Ya pili kwa sauti."

Zadok alimtazama. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Fundi wa Geita aliniambia, na wa Shinyanga akarudia. Ukilichaji usiku kucha, asubuhi linatembea kama bibi harusi. Jua likipanda betri inachemka, linazimika hata tangi likijaa petroli. Wa kulipima nilishawapata, baba. Nilikosa wa kulinunua. Nikasikia Nyegezi yuko mtu anayeyaonea huruma magari yaliyokufa."

Zadok alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Angeshitaki nini? Kwamba aliambiwa ukweli, na aliyemwambia ni yeye mwenyewe? Paskazia akamletea chai na michembe ya viazi vitamu. Michembe ilikuwa mitamu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Truphosa aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakumbuka jiko la Buswelu, akaacha kucheka.

Zadok alifunga banda, akanyoa ndevu, akalivuta gari hadi Usagara na kulichaji usiku kucha. Asubuhi alimpata Ngosha, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Misungwi, ambaye hakuwahi kuonana naye. Ngosha alilizunguka gari, akachungulia namba.

"Hili si la yule mama wa Sengerema?"

"Ndilo. Zima kabisa."

"Hapana. Hili lilipimwa Nyegezi mbele za watu. Betri imekufa."

"Mafundi hukosea."

"Si yule. Mama anamsifu mpaka kanisani. Fundi alisema litasimama njiani, likasimama. Sasa kila mwenye haibridi anamtafuta ampimie, na banda amefunga."

Zadok hakuwa amebakiwa na kitu kingine cha kujaribu, basi akajaribu ukweli.

"Ndugu yangu, nakuambia kwa nia njema. Fundi yule ni tapeli. Kipimo chake ni cha uongo mtupu."

Ngosha alimtazama kuanzia viatu hadi kidevu kilichonyolewa.

"Mjini mna roho mbaya," alisema. "Mtu mmoja tu mwaminifu, na yeye mnamchafua ili muuze mikweche yenu."

Akapanda pikipiki yake, akaondoka bila kuaga.