Nimekifundisha Kijiji Kizima Majibu

Leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto.

Mnawajua wale wanafunzi wa chuo kikuu waliokuja kwetu Kipatimu kufanya utafiti wa ufuta? Mimi ndiye ninayewaonyesha njia na kuwatafsiria Kimatumbi. Mhadhiri wao, mama mmoja mpole wa miwani, aliniahidi kazi ikienda vizuri ataniandikia barua ya kuniombea nafasi ya kozi. Barua! Mimi wa darasa la saba! (Nilishaanza kutembea mikono nyuma, kama msomi.)

Juzi mwanafunzi mmoja, Neema, akanipa karatasi ya maswali niipitie. Nikamwona anatafuna kucha.

"Dada, hizi zinasahihishwa?"

"Ndiyo, kaka Saidi. Ndizo alama zetu."

Moyo ukanishuka. Kumbe mtihani! Na watakaojibu ni wazee wetu, kila mmoja na lake! Watoto wa watu si watafeli?

Basi jana nikapita nyumba kwa nyumba, nikawafundisha wazee majibu. Mafupi, mazuri, ya kufanana. Hawakubisha. "Mgeni haachwi aaibike," walisema. Wengine walifanya na mazoezi.

Leo asubuhi tukaanza. Nyumba ya kwanza Neema akauliza, "Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, mzee, ufuta unamuuzia nani?"

"Namuuzia anayenipa bei nzuri, baada ya kushauriana na familia."

Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo, na kikohozi mahali palepale! Nikavimba kifua. Mhadhiri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Ya nne, kwa Bibi Somoe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Namuuzia anayenipa bei nzuri, baada ya kushauriana na familia."

Hata hajaulizwa! (Na familia yenyewe ni kuku.)

Mhadhiri akamwambia Neema aweke karatasi chini. "Uliza unalotaka kulijua wewe mwenyewe."

Neema akafikiri. "Bibi, wanunuzi wamewahi kukupunja?"

Bibi akanigeukia, mbele ya wote.

"Saidi, hili mbona hukunifundisha?"

Jamani! Wanafunzi walicheka, mmoja akakaa chini kabisa. Nikajieleza: mtihani, alama, huruma. Mhadhiri wala hakukasirika. (Afadhali angekasirika.)

"Saidi, hawa wanasahihishwa kwa wanavyouliza. Wazee hawawezi kukosea. Ufuta ni wao."

Bibi Somoe aliposikia hivyo, akavuta mkeka. Akaeleza alivyoushtukia mzani wa mnunuzi mmoja: alimpeleka jogoo wake apimwe kama wa kuuza, halafu apimwe tena kama wa kununua. Jogoo yule yule, uzito tofauti! Neema aliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

"Hii jana nilitaka kuisema," bibi akaongeza, "Saidi akanikataza. Eti ndefu."

Nikatamani ardhi ipasuke.

Kesho tunarudia nyumba zote. Nimeambiwa nitafsiri tu, nisiongeze wala nisipunguze. Na barua? "Nitaiandika," mhadhiri alisema, "nikishapata jibu ambalo si lako."

Kwa hiyo jioni hii nimepita tena kuwaomba wazee wasahau. Naomba msinicheke: kuwafundisha kulinichukua siku moja tu, kuwasahaulisha naona kutafika mavuno.