Orodha ya Nyumba ya Etagegn

Jumatatu, Pagume 1

Siku tano hizi za Pagume, mkia wa mwaka wetu wa Kiethiopia, si mwezi kamili. Zimebaki pembeni ya mwaka kama makombo, nami nazipenda kwa kuwa hakuna anayezidai. Mvua. Mlima Entoto umejifunika ukungu hadi shingoni. Nimeketi chumba cha mbele nikitazama netela zangu zilivyotundikwa, mitandio myeupe mizuri, nikaiona inaruka yenyewe mpaka Roma.

Dada Etagegn akaingia na kunikatiza ndoto. Kasema duka la mtandaoni lisilo na wateja ni kabati tu. Mpaka Mwaka Mpya, Jumamosi, nimwonyeshe majina mia ya watu wa kuwatumia barua pepe, la sivyo chumba anapewa Workinesh mpika mikate ya injera. Nikamkumbusha kwamba duka nimelipatia jina lake, Nyumba ya Etagegn. Akasema hakuniomba.

Nina majina mawili. Mimi na yeye.

Jumanne, Pagume 2

Ashagre jirani, muuza kahawa, ana majina elfu! Kanipa siri yake: anawauliza watu, wakikubali anawaandika. Miaka minne sasa. Haba na haba, kasema. Mwongo mkubwa, na maringo yamemjaa hadi kwenye kope.

Mchana neema ikashuka. Paa la idiri, chama chetu cha mazishi, limevuja, na daftari la wanachama limelowa chapachapa. Katibu, Gashe Wubshet, karani mstaafu wa benki, aliwahi kuwalazimisha wanachama wote waandike na anwani za barua pepe. Nikajitolea kulinakili upya. Akanibariki mara tatu, akasema vijana kama wewe, Zerihun, mmebaki wachache. Ni kweli.

Majina mia moja na kumi na moja! Nimenakili mara mbili kwa hati nzuri. Nakala ya idiri, nakala yangu.

Jumatano, Pagume 3

Mvua ya Mtakatifu Rufaeli, yenye baraka. Mtaa mzima umetoka kuoga. Nami nikasimama uani, maji yakinipiga utosini, macho nimefumba, nikayaona majina yangu yote yakipaa juu ya mikaratusi kama njiwa. Nilikaribia kulia.

Kisha kazi. Somo la mtandaoni linasema kichwa cha barua ndicho kila kitu, moyo wa msomaji sharti uruke. Ndani nimeeleza kwamba bei ya zamani ya netela imefariki, njooni muiage. Juu nikaweka: "Kwa masikitiko makubwa." Mtumaji: Nyumba ya Etagegn. Itaondoka alfajiri. Nalala nikitabasamu.

Alhamisi, Pagume 4

Tarumbeta ya msiba imeniamsha. Maskini, nikasema, kuna mtu kafa mtaani. Nikageukia ukuta. Halafu nikasikia hema la idiri likisimikwa. Uani kwetu!

Nje, watu sitini kwenye manyunyu, wote wamejitanda netela, pindo juu karibu na uso kama ilivyo desturi ya msibani. Kwa dakika moja tamu nilidhani ni wateja.

Hakuna aliyesoma zaidi ya kichwa cha barua. Hata mmoja! Workinesh alikuwa amejitupa chini, analia kwamba Etagegn alikuwa mkono wa mtaa mzima. Gashe Wubshet kavua miwani, anafuta macho. Wanawake wameleta masufuria ya mchuzi. Kisha lango likafunguka. Etagegn, katoka kanisani, kikapu mkononi. Akauliza nani kafa.

Workinesh akazimia.

Dada akaketi chini ya hema lake mwenyewe. Workinesh alipozinduka, dada akamwomba arudie lile la mkono wa mtaa mzima. Nikaona macho ya dada yamelowa, nikaona haya, haya ya kweli. Zikadumu mpaka alipogeuka na kuniona.

Ijumaa, Pagume 5

Idiri imekaa kikao. Ashagre kanitetea, jambo lililoniuma kuliko yote. Gashe Wubshet akafungua daftari nililolinakili kwa hati nzuri, akapiga mstari juu ya jina langu. "Siku yako ikifika, kijana, utajizika mwenyewe!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Njiani kurudi nyumbani nikaacha kucheka. Hema halitasimama kwa ajili yangu. Atakuja nani?

Orodha yangu nayo inapukutika. Wanajitoa mmoja mmoja, tangu jana, hata walio ng'ambo.

Jumamosi, Meskerem 1

Mwaka Mpya. Maua ya njano hadi mlangoni. Jiko la Workinesh linafuka moshi chumba cha mbele. Mimi na netela zangu tuko ukumbini, ng'ambo ya ukuta wa jikoni kwa dada.

Ukiniondoa mimi, limebaki jina moja. Etagegn. Hajajitoa. Nimelitazama muda mrefu, jina lile, mpaka herufi zikaanza kuelea. Nampenda dada yangu.

Nimemwandikia kurasa mbili za kuomba radhi, kutoka moyoni. Kilibaki kichwa tu. "Nisamehe" kimepoa, hakirushi moyo. Nikaweka: "Zerihun hatunaye tena." Yaani kwenye idiri, nimeeleza vizuri ukurasa wa pili. Nikabonyeza.

Jikoni sufuria imeanguka. Ameifungua!