Mwamuzi wa Sare

Asali alikwenda gereji kujaza upepo tairi la pikipiki yake, akakuta ugomvi. Kwa mtu wa kazi yake, ugomvi wa watu wawili juu ya kitu kimoja ni kama mlango uliosahauliwa wazi: adabu inataka uufunge, na Asali siku zote alipenda kuufunga akiwa ndani.

Aliitwa Asali kwa sababu ya ulimi wake. Waliokwisha kuionja asali hiyo walimwita majina mengine.

Kilichogombewa kilikuwa kompresa, mashine ya kusukuma upepo. Wenyewe walikuwa fundi rangi na fundi matairi, mashemeji walioinunua kwa kuchangiana nusu kwa nusu na kupendana sana mpaka siku walipoiwasha. Fundi matairi akijaza gurudumu la lori, upepo unapungua, na bunduki ya rangi ya mwenzake inatema madoa kwenye mlango wa gari la mteja. Fundi rangi akiwahi kuishika yeye, wateja wa matairi wanaondoka na magurudumu laini na vumbi la bluu kichwani.

"Mmoja wetu aichukue, mwingine atajua pa kwenda," alisema fundi rangi.

"Aende nani, shemeji? Mimi nina mapacha."

"Na mimi nina mchumba. Nikikosa kazi, hao mapacha wako watamsikia mke wa mjomba wao kwenye hadithi tu."

Asali akakohoa kikohozi cha msomi. "Wakubwa, samahani kuingilia. Jambo hili huko duniani linaamuliwa kwa karata. Poka. Kila mtu karata tano, mara moja tu, mwenye mkono mkubwa anachukua. Hakuna kinyongo."

"Na tukilingana?" aliuliza fundi matairi, mtu aliyezoea kuanza na mabaya.

"Hilo ni swali la mtu mzima, kaka. Kulingana si mwisho wa safari. Tuseme wote mna jozi ya wafalme. Tunatazama karata zilizobaki, tukianza na kubwa. Mwenye ree anampita mwenye malkia. Zikilingana, inayofuata. Zikilingana tena, inayofuata, mpaka ya mwisho. Na alama hazihesabiki: kopa si bora kuliko shupaza."

Mpaka hapo alikuwa akisema kweli tupu. Tumpe haki yake, maana haikumtokea mara nyingi.

"Na zote tano zikilingana?"

"Hiyo ni sare kamili. Nadra sana. Ikitokea, kilicho mezani kinakaa kwa mwamuzi, kwa amana, mpaka mchezo urudiwe siku nyingine."

Hapo ndipo uwongo ulipokaa, mdogo, umekunjwa vizuri. Kwenye sare kamili, kilicho mezani hugawanywa sawa kwa sawa. Lakini mfukoni Asali alikuwa na karata zilizopangwa zitoe sare hiyo hiyo, na mtaa wa pili alikuwa na mnunuzi wa mashine asiyependa maswali.

Mama Mapacha aliinua macho kutoka kwenye turubai alilokuwa akilishona. Alikuwa mke wa fundi matairi na dada wa fundi rangi, kwa hiyo yeyote atakayeshinda, yeye ameshindwa.

"Mwamuzi naye aweke kitu," alisema. "Asiye na chake mezani haogopi kukosea. Pikipiki ile ni yako?"

Asali akapiga hesabu haraka. Sare ikitoka, kila kitu kinarudi kwake. Kuweka pikipiki ni kuhamisha kitu kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Akaweka ufunguo na kadi ya pikipiki juu ya boneti iliyokuwa meza yao, akaongeza kwa unyenyekevu: "Kikishawekwa hapa, mama, si cha aliyekiweka. Ni cha mchezo."

"Tumekusikia," alisema Mama Mapacha.

Karata zikaruka mikononi mwa Asali kama kuku waliotishwa, na hakuna hata moja iliyobadili mahali. Akagawa.

Fundi rangi akafunua: wafalme wawili, ree, tisa, nne. Fundi matairi akafunua: wafalme wawili, ree, tisa, nne. Kompresa yenyewe iliendelea kunguruma kama vile haihusiki.

"Sare kamili," alisema Asali kwa huzuni aliyoifanyia mazoezi. "Naichukua kwa amana. Nani atanisaidia kubeba?"

Hakuna aliyesogea. Fundi rangi alimtazama shemeji yake.

"Kesho utafanya kazi na nini?"

"Sijui. Na wewe?"

"Sijui."

Yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza bila kelele tangu wainunue ile mashine.

"Ngoja kwanza," Mama Mapacha akasimama. "Nani kashindwa hapa?"

"Hakuna, mama. Ni sare."

"Na wewe umepata karata gani?"

"Mimi mwamuzi. Sina karata."

"Yaani wenye wafalme waondoke mikono mitupu, na asiye na hata nne abebe?"

"Kanuni ndiyo hiyo, mama."

"Kanuni umetufundisha wewe, na umefundisha vizuri. Mwenye karata kubwa anampita mwenzake. Hawa hawakupitana, na wewe hukucheza. Wagawane."

"Kompresa haigawanyiki. Mtaipasua kwa shoka?"

"Ilikuwa nusu ya huyu na nusu ya huyu. Imeshagawanyika, ikae hapo hapo." Akageukia boneti. "Kilichobaki kugawanywa ni pikipiki."

Asali akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza asali haikutoka. Njia pekee ya kuiokoa pikipiki ilikuwa kukiri kwamba ile sare aliipika mwenyewe. Na fundi matairi alikuwa ameshika spana ya magurudumu, bila nia yoyote, kama watu wanavyoshika vitu.

"Tukiiuza," alisema fundi rangi polepole, "tunapata kompresa ya pili."

"Mpya. Achukue nani?"

Wote wakamtazama Asali. Safari hii Mama Mapacha alizichanganya karata mwenyewe, ovyo, nyingine zikaanguka chini, akagawa kama anayegawa sahani. Fundi matairi akapata jozi ya saba na malkia. Fundi rangi akapata jozi ya saba na mfalme.

"Haya, mwamuzi. Wamelingana."

Asali akaziinamia karata. "Jozi ni sawa. Tunatazama karata kubwa inayofuata." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma wosia ambao jina lake halimo. "Mfalme anampita malkia. Mpya ni ya fundi rangi."

"Haki," alisema fundi matairi, akampa shemeji yake mkono.

Mama Mapacha alimsindikiza mgeni mpaka langoni, kama inavyopasa.

"Unaamua vizuri, baba," alimwambia. "Kumbe unaweza."

Asali alishukuru, kwa kuwa alilelewa vizuri, akashika njia kwa miguu.