Nauli ya Mshenga Lazima Irudi

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimeteuliwa mshenga! Dada yangu Yusta ametamka mwenyewe, mbele ya ukoo mzima. Mwanawe Anord amepata mchumba Mgololo, binti anaitwa Mercy, baba yake anafanya kazi kiwanda cha karatasi. Mimi ndiye mjomba, kwa hiyo mimi ndiye msemaji. Mdogo wangu Zabron atanisindikiza na kubeba mizigo. Alipoambiwa alikunja uso. Chai yangu ikazidi utamu.

Nimekwenda stesheni moja kwa moja na kukata tiketi ya treni ya keshokutwa. Daraja la kwanza, kitanda. Mapato yote ya kutengeneza redio mwezi mzima yameishia hapo. Mke wangu Apolonia kauliza kwa nini nisikae daraja la tatu kama watu wengine. Nimemweleza kwamba mshenga hawezi kufika ukweni na mgongo umepinda. Zabron atakata yake siku ya safari. Hana mipango, yule.

Alhamisi, 5 Juni

Jirani yetu Habibu, muuza mchele, kaniuliza kama niko tayari. Nikasema maneno ninayo. Akasema maneno si shida, shida ni sahani. Kule mshenga akibakiza chakula, wazee wanasema amedharau nyumba, na posa inaanza kupata kona. Nilikuwa nimelisahau hilo! Mimi mlaji mdogo. Apolonia hupika kidogo.

Nimeamua kufanya mazoezi. Mchana ugali na maharage, sahani mbili. Jioni nikapita kwa muuza kitimoto, nikala nusu kilo ya nguruwe na ndizi za kuchoma. Nikarudi nyumbani nikala tena kama vile sijala. Kwa kuwa ukweni huwa wanamalizia na mtindi, nikamalizia na mtindi. Jagi.

Sahani zote nyeupe. Niko tayari kabisa.

Ijumaa, 6 Juni

Siko tayari.

Treni imeondoka mimi nikiwa msalani. Sitaandika zaidi kuhusu tumbo. Apolonia alitaka tuende zahanati, nikakataa katakata. Daktari angeuliza nimekula nini, na pale zahanati kila mtu ananijua. Nikanywa maji ya tangawizi na kugeukia ukutani.

Mchana akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani wakaja kuniombea, wakiongozwa na Mama Faustina, mwenyekiti wao. Walijaa chumba kizima na vitenge vyao vya sare. Walisali, wakaimba, wakaacha sukari, mayai na maparachichi. Mara mbili nilitoka mbio katikati ya sala. Wakasubiri. Nikirudi wanaendelea pale pale walipoachia.

Jumapili, 8 Juni

Nimepona. Nimekaa uani nikiota jua, blanketi mabegani, chai ya maziwa mkononi. Baridi ya Juni ni kali lakini nje kuna jua safi. Parachichi kubwa limeiva vizuri. Sina malalamiko na dunia.

Wazee wa Mgololo wametuma salamu za pole na kutusogezea posa hadi Jumamosi ijayo. Watu wastaarabu. Tatizo ni dada Yusta. Amekuja baada ya Misa na kutangaza kwamba Ijumaa hii hangoji mtu: atakayesimama stesheni na tiketi ya siku hiyo mkononi ndiye mshenga, mwingine abaki. Zabron ameuza viazi. Ana nauli na kitu cha juu. Mimi nina tiketi ya treni iliyokwisha kwenda.

Akitangulia Zabron, atakaa kwenye kiti chenye mto. Atasalimia wazee kwa niaba yetu, yeye ambaye hata salamu ya kule, “kamwene”, anaitamka kama anapiga chafya. Na kuku akichinjwa, firigisi yake! Firigisi ya mshenga kwenda kwa Zabron! Nimeumia kweli, moyoni, si tumboni.

Jioni Habibu kaja kunipa pole. Kasema mwaka jana aliugua malaria siku ya safari, na nauli yake ikarudishwa. Taslimu. Kwenye kiganja hiki hapa, kasema, na akakifungua kiganja nikione. Halafu akaongeza kwamba mimi nisihangaike, mambo hayo yanataka mtu anayejua kuongea na wakubwa.

Ataona.

Jumatatu, 9 Juni

Stesheni. Dirishani yuko dada mmoja mpole, jina lake Nusrat. Niliingia nikichechemea na nimeshika tumbo, ili asiwe na shaka. Nikaeleza nilivyozidiwa. Kasema pole sana baba, nauli ya mgonjwa inaweza kurudi, nilete tu cheti cha daktari cha siku ile. Nikauliza kama haitoshi kuniangalia. Akaniangalia. Akasema naonekana nimenawiri.

Kosa langu. Siku tatu za mayai ya jumuiya. Wakati wa kutoka nilisahau kuchechemea.

Jumanne, 10 Juni

Zahanati. Daktari kijana, ametokea Iringa, hana masihara. Kapima joto, kapima presha, kabonyeza tumbo. Nikaguna. Kasema hapo alipobonyeza ni mfupa. Nikamwomba aandike kwamba Ijumaa nilikuwa mgonjwa. Kasema Ijumaa hakuniona, anaandika anachokiona. Anachokiona ni mwanaume mzima wa afya anayepaswa kupunguza kula.

Nikamwambia nakohoa pia. Akanikumbusha kwamba nilikuja kwa ajili ya tumbo.

Zabron alikuwa nje akinunua maandazi. Kaniuliza kwa upole mno kama nimepata ninachotafuta. Nimenunua maandazi yaliyobaki yote, asipate ya kuongeza.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata akili! Imenijia nikiwa nafungua redio ya mteja. Daktari hakuniona, ndiyo. Lakini nani waliniona? Jumuiya nzima! Walikuwepo chumbani, kwa macho yao, na masikio yao pia. Ushahidi gani unazidi huo? Karatasi ya daktari ni mtu mmoja. Mimi nina kwaya.

Nimemwendea Mama Faustina. Kasema kushuhudia ukweli ni wajibu, na kwamba kwa muda mrefu hawajatoka pamoja. Ijumaa asubuhi wote watakuja, wamevaa sare. Apolonia kauliza kama nimeshafikiria watasema nini hasa. Nikamwambia watasema nilikuwa mgonjwa.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya leo niandike taratibu.

Tumeingia stesheni kama ubatizo. Mimi mbele na koti la ushenga, Apolonia ubavuni na begi langu, nyuma akina mama wa jumuiya wakiimba. Abiria wakasimama, wengine wakadhani kuna askofu. Kwenye benchi wamekaa dada Yusta, Anord na Zabron, na boksi la zawadi. Treni bado haijafika. Zabron bado hana tiketi. Kila kitu kinakwenda vizuri.

Nikamwambia Nusrat kwamba cheti sina lakini nimeleta mashahidi. Hajapata kusema neno Mama Faustina akaanza. Alianza na sala fupi. Halafu akaueleza ukumbi mzima kwamba Ijumaa ile baba huyu alitoka mbio mara mbili kabla ya Amina, na ya pili hakuwahi. Nikajaribu kumkatisha. Kasema wamekuja kusema ukweli wote. Mwingine akasimulia sauti. Wa tatu, ambaye alisaidia kufua, akasimulia mashuka. Halafu bibi mmoja wa mwisho kabisa akaona wamesahau chanzo, akataja kitimoto, maharage, ndizi na jagi la mtindi, kwa mpangilio.

Habibu alikuwepo! Alikuja kupokea magunia ya mchele kutoka Rujewa. Alikuwa ameegemea nguzo, anajifuta machozi. Dada Yusta kajifunika kanga usoni. Zabron alikuwa ameinama, mabega yanatikisika.

Lakini nilishinda! Nusrat, akishindwa kuzuia kicheko, akamwita mkuu wa stesheni. Mkuu akawasikiliza wawili, akainua mikono, akasema basi mama zangu, inatosha, nimeamini, mpeni mzee haki yake. Vigelegele ukumbi mzima. Nikatikisa kofia kuelekea kwenye nguzo ya Habibu.

Nusrat akaniambia nina njia mbili. Ya kwanza, anibadilishie tarehe. Kwenye treni ya leo kimebaki kitanda kimoja cha daraja la kwanza, ananiandikia sasa hivi, silipi hata shilingi. Ya pili, nichukue taslimu, ila watakata kidogo gharama za ofisi.

Apolonia kanivuta koti. Kaniambia, Baba Saulo, kitanda hicho, kitanda hicho.

Mimi nikauliza swali moja tu. Mwaka jana bwana Habibu alipewa nini? Nusrat kasema hakumbuki. Habibu kutoka kwenye nguzo kasema alipewa taslimu. Kwenye kiganja.

Sasa mimi nikubali karatasi, mwenzangu alipewa hela? Mbele ya jumuiya? Nikasema taslimu. Apolonia kavuta tena, kifungo kikatoka. Nikasema taslimu, na nikafungua kiganja.

Nimezihesabu mbele ya watu, polepole, upande wa Habibu. Kisha ikabidi niwashukuru mashahidi. Huwezi kuwatoa watu nyumbani, wakakuimbia na kukutetea, halafu warudi koo zimekauka. Nikawanunulia soda. Mama Faustina kasema baridi, afadhali chai. Wakanywa na chai. Na chapati.

Nikarudi dirishani na hela iliyobaki, nimejazia na ya matumizi ya safari, kukata kile kitanda kimoja. Nusrat kasema kimeshachukuliwa.

Na nani?

Akanyoosha kalamu kuelekea kwenye benchi. Zabron, mtu wa daraja la tatu tangu azaliwe, alisimama nyuma yangu wakati mimi nahesabu, akasikia kwamba kipo kimoja, akalipa kwa hela ya viazi.

Nusrat kasema daraja la tatu nafasi zipo nyingi, niandike? Apolonia kasema andika. Anord kasema mjomba, tafadhali, panda, tutakwenda wote. Hata dada Yusta alifunua kanga akasema njoo tu, utasaidia kuongea. Lakini hebu fikirieni. Mimi nimebanana na mizigo na kuku wa watu, na msindikizaji wangu kajilaza daraja la kwanza? Nifike Mgololo nikiwa nyuma ya Zabron, nimebeba boksi? Nikasema hapana. Basi la kesho je? Vumbi. Hapana.

Treni ikaja, treni ikaondoka. Zabron alinipungia mkono dirishani, na mto wa kitanda ameushika kifuani. Akina mama wakaimba wimbo wa kusindikiza wasafiri. Waliuimba vizuri sana. Nilisimama pale pale mpaka behewa la mwisho lilipopotea, na machozi yalinilenga, nakiri. Anord nimembeba mgongoni tangu mdogo.

Jumamosi, 14 Juni

Jua zuri. Chai. Apolonia kashona kifungo.

Mchana Anord amepiga simu. Posa imekubaliwa! Nimefurahi mpaka nikaruka kwenye kiti. Nikauliza Zabron alikula vipi. Kasema mjomba Zabron alimaliza sahani zote, wazee wakampenda, wakamwongeza. Nikauliza firigisi. Simu ikawa inakatika katika. Nikauliza tena. Kasema alikula, lakini alisema angependa mimi niwepo.

Nimetoka nje nikakaa kidogo. Nilipokumbuka ile hela mfukoni, nikatulia. Yeye amekula firigisi imekwisha. Yangu ipo, inahesabika.

Jumatatu, 16 Juni

Zabron amerudi, amenenepa. Habari kubwa: harusi ni Agosti, kule kule Mgololo, na sote tutakwenda kwa treni.

Habibu kaja kunywa chai. Katika mazungumzo kakiri jambo. Mwaka jana alipopewa taslimu ni kwa sababu hakukuwa na nafasi nyingine wiki ile. Angepewa chaguo, angebadilisha tarehe bila kufikiri, maana alichelewa msiba wa shangazi yake na mpaka leo wanamsema. Kaniuliza mimi, nilipoachiwa chaguo, kwa nini nilikataa kitanda.

Nimemhurumia. Wivu unamfanya mtu aseme lolote.

Maana mimi nimeona kitu ambacho Habibu hajakiona. Nikilala nikiamka nakiona. Tiketi ukiitumia, hela imekwenda moja kwa moja. Lakini tiketi ya mgonjwa inarudi! Stesheni wananijua, mkuu ameshasikia jumuiya mara moja, hawezi kutamani kuisikia tena. Atalipa haraka.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda dirishani na ile hela, pamoja na hela ya vipuri vya redio mbili za wateja ambao hawana haraka, nikakata tiketi za harusi. Mbili, daraja la kwanza. Moja ya kusafiria, nyingine ya kurudishiwa. Nusrat kauliza hii ya pili aandike jina la nani. Nikampa la mke wangu.

Nimerudi nyumbani nina furaha tele. Apolonia ameziona tiketi mezani, amesoma jina lake, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa amecheka. Kasema hajawahi kupanda daraja la kwanza maisha yake yote. Sasa hivi yuko chumbani anapima kitenge kipya mbele ya kioo, anaimba.

Bado sijamwambia kwamba siku hiyo ataumwa.