Uzinduzi wa Vichwa Vinane vya Pamoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa masikitiko ametuma udhuru na hivyo nafasi yake naishika mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Reli za Mizigo, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Kuu, Kamati Ndogo na Kamati ya Kuunganisha Kamati. Mkuu wa Stesheni, mwenyeji wetu. Dereva Mkuu wa Treni, ambaye tunamheshimu sana ingawa huu ni mwaka wa tatu hana treni. Viongozi wa umoja wa akina mama wauza vitunguu, na hapa naomba nimtambue kwa namna ya pekee mwenyekiti wao, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Wapakizi, walinzi, na ninyi mliokuja kuulizia tu bei ya kusafirisha godoro. Mabibi na mabwana: nawasalimu nyote kwa heshima na taadhima, na mkishazipokea salamu hizo, tafadhali pokeeni na samahani zangu. (Makofi ya wastani.)

Naomba radhi kwa kuchelewa. Mwaliko ulisema saa tatu asubuhi, nami nimefika saa saba na dakika kumi, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa na kengele ya misheni ni fedheha. Nilikusudia kuja kwa treni, kama inavyompasa mtu wa cheo changu, nikaketi kwenye benchi la stesheni ya makao makuu tangu alfajiri, tiketi mkononi, mpaka nilipokumbuka kwamba treni haipo, na kwamba kutokuwapo kwake ndiko kulikonifanya nialikwe. Ikanibidi niombe nafasi juu ya lori la mchanga. (Vicheko.) Msicheke, ndugu zangu. Mchanga nao ni mdau.

Ninafahamu, wala sitaki mdhani sifahamu, kwamba nyuma yangu kwenye njia ya pili limesimama behewa lenye magunia themanini ya vitunguu, kwamba leo ni siku ya kumi na moja tangu lipakiwe, kwamba soko la ng'ambo ya daraja linafungwa kesho jioni na wanunuzi wa jumla wakishaondoka hawarudi hadi msimu ujao, na kwamba kilichokosekana ni kichwa tu cha kulivuta.

(Sauti ya mwenyekiti wa akina mama: "Shemeji, vimeanza kuota! Hotuba yako ikiendelea hivi tutapeleka sokoni bustani!")

Ahsante, shemeji, kwa mchango huo. Kuota ni dalili ya uhai, na Kamati yangu haijawahi hata siku moja kupinga uhai. (Kicheko kimoja, cha mtu wa Kamati.) Naomba uvumilivu wako kwa kurasa kumi na nne zilizobaki, kwa sababu jibu la vitunguu vyako limo ndani ya kurasa hizo, na nisipozisoma kwa utaratibu wake linaweza kumwagika.

Mtakumbuka kwamba miaka minne iliyopita shirika letu lilijitathmini likajikuta lina reli ndefu, stesheni safi, wahasibu wa kutosha na mihuri ya kila ukubwa, lakini lina upungufu wa vichwa. Nalo shirika jirani, lenye reli ng'ambo ya daraja, lilitamka rasmi kwamba liko tayari kwa mazungumzo kuhusu vichwa. Ndipo mabingwa wa lojistiki wakaja na fikra ambayo, bila kujisifu, mimi ndiye niliyeipigia chapa: kwa nini kila shirika lihangaike na vichwa vyake peke yake, vingine vikilala kwenye banda huku mizigo ya jirani ikioza? Tuvichangie! Leo vivute kwetu, kesho vivute kwao. Kidole kimoja hakivunji chawa. (Makofi. Mpakizi mmoja anauliza kwa sauti kama chawa nao watasafirishwa.)

Utekelezaji, ndugu zangu, haukulala. Tulifanya upembuzi yakinifu, na matokeo yake yalipotutia shaka tukafanya upembuzi yakinifu wa ule upembuzi. Tuliandaa andiko dhana, hadidu za rejea, mpango kazi, na mpango wa kuupanga mpango kazi. Tuliendesha semina elekezi saba, sita kati ya hizo zikiwa za kuwaelekeza watu mahali ambapo semina ya saba ingefanyika. Na takwimu hazidanganyi: katika kipindi hicho ushirikiano wa vichwa ukandani umepanda kwa asilimia mia tatu, kutoka sifuri. (Makofi marefu. Mkuu wa Stesheni anahesabu kwa vidole, kisha anaacha kupiga makofi.)

Basi leo, mbele ya utepe huu mwekundu ambao Mkuu wa Stesheni ameufunga kati ya mizani na nguzo ya taa, nina furaha isiyo na kifani kuwatangazia kwamba vichwa vinane vya pamoja, vyote vizima, vyote vimekaguliwa, vimewasili! (Vigelegele. Akina mama wanakumbatiana. Dereva Mkuu wa Treni anavaa glavu zake, anazivua, anazivaa tena.)

("Mzee, viko wapi?" Dereva anauliza. "Nivikague mara moja, nikiunga behewa sasa hivi magharibi haitatukuta njiani!")

Viko hapa nyuma yangu, mwanangu. Vimeketi.

(Watu wote wanatazama nyuma ya msemaji. Kwenye viti vinane vya plastiki wameketi mabwana wanane waliovaa suti, nywele zikiwameta. Mmoja anapunga mkono.)

Naona mshangao, nami nauelewa, maana hata mimi sikutegemea wangependeza kiasi hiki. Hawa ndio vichwa vya idara zetu: kichwa cha Mipango, cha Utumishi, cha Ugavi, cha Uhusiano, na wengine ambao kwa unyenyekevu wataomba msiwapige picha kwa upande wa kushoto. Waraka wa pamoja, tuliotiliana saini na shirika jirani, ulitutaka tutoe vichwa vyetu vinane vilivyo bora. Mimi nimesoma misheni. Nilifundishwa kwamba kilichoandikwa kinatekelezwa kama kilivyoandikwa, na kwamba mwenye kuuliza maswali mengi anachelewesha darasa.

Wala msidhani tuliokota kichwa chochote kilichopita njiani, maana wahenga walisema kichwa cha kuku hakistahimili kilemba. Waraka ulikuwa na vigezo vikali, nasi tulivifuata kimoja baada ya kingine. Ulisema vichwa visiwe na historia ya kuchemka, na kwa sababu hiyo tulimwacha Mkuu wa Idara ya Sheria, ambaye huchemka akiona tu bahasha. Ulisema taa zote mbili za mbele ziwe zinafanya kazi, tukawapima macho. Ulisema kila kichwa kijazwe mafuta kabla ya kuondoka. Tukawapaka, na mafuta yalipoteleza kwenye kichwa cha Ugavi, ambacho Mungu amekijalia upara, tuliandika kwenye fomu kwamba tangi limejaa. Ulisema viweze kuvuta saa kumi mfululizo bila kupumzika, na hapa ndipo tulipopata taabu, kwa kuwa watano tu ndio waliokuwa wanavuta. Watatu waliobaki tumewafundisha kwa tumbaku ya Kamati, na kile kikohozi mnachokisikia ni ushahidi wa bidii.

("Na breki, mzee?" Dereva anauliza, sasa kwa sauti ndogo sana.)

Swali zuri la kitaalamu. Kigezo cha breki tulikitafsiri kuwa kila kichwa kiwe kimeoa. Ndiyo maana jina langu halimo kwenye orodha, ingawa wengi waliniomba: tangu marehemu aliponitangulia, mimi sina tena breki. (Kicheko kinaanza, kisha kinakatika. Mwenyekiti wa akina mama anamtazama shemeji yake, anatikisa kichwa.)

("Na waraka haukutaja magurudumu?")

Ulitaja, mwanangu. Tuliona ni kosa la uchapaji, tukalifuta kwa kalamu nyekundu ili tusimwaibishe aliyechapa.

("Shemeji!" Mwenyekiti wa akina mama amesimama juu ya gunia. "Kichwa ni cha treni! Kile cha chuma, kinachopiga honi! Mtoto wa chekechea akichora treni anaanza na kichwa! Dada yangu aliishi nawe vipi miaka thelathini na minane?")

Kwa subira, shemeji. Kwa subira nyingi, na hakunipigia kelele hadharani hata mara moja, ingawa leo naona alikuwa na sababu zaidi ya moja. (Vicheko.) Nalipokea sahihisho lako. Naomba lihifadhiwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba hapa pana maana mbili, na kwamba kwa miaka minne Kamati imeifanyia kazi ile maana isiyo na injini.

("Basi si wale wa ng'ambo wana vya chuma?" sauti kadhaa zinauliza. "Walete chao kimoja tu! Kimoja!")

Ninafika huko, ninafika, huo ni ukurasa wa shukrani, nami nitaurukia sasa kwa kuwa naona akina mama wanavua kanga za mabegani na kujifunga viunoni.

Nawashukuru kwa dhati ndugu zetu wa shirika jirani, ambao leo asubuhi, nikiwa juu ya mchanga, walinipigia simu kunijulisha kwamba na wao wamekwisha kututumia vichwa vyao vinane, kwamba vilivuka daraja kwa miguu na sasa vimekaa upande wetu wa daraja vikiomba maji ya kunywa, na wakaniuliza kwa adabu kubwa ni lini sisi tutapeleka vile vya chuma. Nikawaambia tulivitegemea vyao. Wakacheka, wakidhani natania, kisha wakakiri. Nao hawana. Hawajawahi kuwa nacho hata kimoja. Walitia saini kwa matumaini ya kuazima kwetu, kama sisi tulivyotia saini kwa matumaini ya kuazima kwao. Kwa hiyo, nikiweka pembeni lugha ya kitaalamu, mradi ninaouzindua leo una utepe, una waraka, una mimi, lakini wenyewe haukuwahi kuwapo. Nawashukuru pia walioshona bendera. (Hakuna makofi.)

(Mwenyekiti wa akina mama ameteremka kwenye gunia. Anazungumza kidogo na Dereva, ambaye anatazama reli inavyoelekea daraja, anapima mteremko kwa kiganja, na kuitikia kwa kichwa. Wapakizi wanaleta kamba ya katani kutoka bohari.)

("Shemeji, sitaki kukukatiza. Hawa wamejazwa mafuta, si ndiyo?")

Wamejazwa.

("Wamekaguliwa?")

Kwa fomu tatu.

("Na wanavuta?")

Shemeji, mimi ni mtu wa kuheshimu kilichoandikwa, na imeandikwa kwamba wanavuta.

("Basi simameni, mabwana. Suti tutawashikia.")

(Vigelegele vya kweli sasa. Mabwana wanane wanatazamana. Kichwa cha Uhusiano kinasema kina mgongo. "Mgongo haumo kwenye waraka," anajibiwa. Kamba inafungwa kwenye ndoano ya behewa. Akina mama na wapakizi wanakwenda nyuma kusukuma. Dereva Mkuu wa Treni anapanda, anashika gurudumu la breki ya mkono, anafuta machozi kwa glavu. Utepe unakatwa na kifua cha kichwa cha Mipango.)

Waheshimiwa, napenda kutamka kwamba uzinduzi umefanyika! Limesogea! Naomba tuseme pamoja: Vichwa vya pamoja! ("Vuteni!") Ushirikiano wa ukanda! ("Vuteni!") Vitunguu oyee! ("Punguza kelele, shemeji, sukuma zaidi!")

Ninakuja, ninakuja, niruhusuni tu niweke kipaza sauti chini baada ya neno moja la mwisho, ambalo ni la kiutaratibu. Kwa kuwa lile soko halitamngoja mtu, nimeandika hapa juu ya mizani barua fupi kwenda kwa vile vichwa vinane vya wenzetu pale darajani, nikiwaomba radhi kwa kuwakosesha maji ya kunywa, nikiwaarifu kwamba kuanzia darajani hadi sokoni njia inapanda, na kwamba zamu ya kuvuta hapo itakuwa yao. Barua hiyo imo kwenye bahasha ya kaki yenye muhuri, na itachukuliwa na Mkuu wa Idara ya Mipango, aliye mbele kabisa kwenye kamba. Mnaombwa msimpe mkononi, maana mikono yake ina kazi, ila mumbanie mdomoni.