Shanta Nililolizeesha Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhulumiwa. Naliandika neno hilo mwanzo kabisa lisije likasahaulika.

Leo tulipofunga karakana ya vioo, baba mkwe alitangaza kwamba amechoka. Magoti yake hayataki tena kusimama mezani siku nzima. Ufunguo wa karakana atamkabidhi mmoja wa wakwe zake. Mmoja wa wakwe zake! Utadhani tuko kikosi kizima na wote tunakata vioo. Tuko wawili. Mimi nakata vioo hapa tangu nilipomwoa binti yake mkubwa, na nusu ya madirisha ya mji huu yamepita mikononi mwangu. Wa pili ni mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake mke wangu, ambaye anauza bima. Kioo anachokijua yeye ni kile cha kujitazamia.

Na huyo ndiye baba mkwe anayemwita "mwanangu". Mimi naitwa "wewe".

Eti Jumamosi twende naye sote wawili tukapande kile kilima cha mawe nje ya mji, alichokuwa akikipanda enzi za ujana wake akiwabebea wapima ardhi vyombo vyao. Atatuambia huko huko juu. Kwa nini juu ya kilima? Karakana ina viti. Mke wangu alisema baba anapenda tu kutembea, nisianze kutafuta mchawi. Sitafuti mchawi. Natafuta haki yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia.

Sebuleni kwa baba mkwe kuna picha yake akiwa kijana, amesimama juu ya jiwe, mgongoni shanta la turubai lenye mikanda ya ngozi na bizimu za shaba. Na kila siku ya Mungu tunamsikia akilalamikia vitu vya siku hizi. Vitasa vinalegea, viberiti haviwaki, milango miepesi mtu akipiga chafya inafunguka. Sasa mtu wa namna hiyo anataka kuona nini Jumamosi? Shanta la zamani, bila shaka. Akiliona mgongoni mwangu atajiona mwenyewe, na ufunguo utatoka mfukoni bila kuombwa.

Nikaenda duka la mabegi. Mwenye duka akanitolea shanta la kijani kilichokolea, turubai nene, ngozi, bizimu, kila kitu kama kwenye picha. Nikamwuliza kama hana kuukuu zaidi ya hilo. Akasema hilo ndilo kuukuu kuliko yote, limeingia jana. Nilidhani ananidhihaki. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfafanulia mgonjwa dozi, kwamba ni jipya ila limeshonwa kwa mtindo wa zamani. Sawa. Uzee nitautia mwenyewe. Bei siiandiki hapa, mke wangu anajua ninapoficha daftari hili.

Sifa zake nimezikariri ili nizimwage mbele ya baba mkwe: miiba hailichani. Halipigi kelele mtu akitembea. Jua halilipaushi. Ukiliweka chini linasimama wima lenyewe, haliangukii upande kama mlevi. Na anayelivaa anaonekana ametoka mahali. Kasoro sijaona. Ni zito hata likiwa tupu, lakini huo ni uzito wa heshima.

Jumatano, 5 Machi

Kuzeesha kitu ni kazi ngumu, watu hawajui.

Nimelisugua kwa tofali. Halikuchanika, sifa ile ni ya kweli kumbe. Nimelimwagia chai ya rangi, wakaja sisimizi ukoo mzima. Mwisho nikalipaka rangi ya viatu ya kahawia, nje na ndani, maana kitu kizee ni kizee mpaka ndani, na juu yake nikatia masizi ya sufuria. Likapendeza. Ungeapa limepita misitu mitatu na vita moja.

Nikalianika uani. Kurudi, kuku wa jirani kalala ndani yake na ametaga. Jirani akaja kudai yai kwa sauti ya kuitisha mtaa mzima. Nikamwambia yai limetagwa kwenye mali yangu. Akanijibu kwa maneno ambayo siyaandiki. Alichukua yai, akachukua kuku, na hatusalimiani. Lakini nani aliliona lile shanta? Lilisimama wima muda wote, kuku akiwa ndani.

Mke wangu akauliza hilo gunia ni la nani. Nikasema ni urithi wa marehemu babu yangu, mwindaji. Akanikumbusha kwamba babu yangu alikuwa kinyozi, na kwamba hata ngazi alikuwa hapandi mpaka ashikwe mkono. Akataka kujua kinyozi aliwinda nini. Nimeoa mtu asiye na moyo wa kumsaidia mwenzake.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanyumba amekuja jioni kutuonyesha begi lake. Hakuna aliyemwomba.

Nailoni, rangi ya njano ya kuumiza macho. Zipu kila mahali, mpaka nikaanza kutafuta mlango wa nyuma. Kuna mrija wa kunywea maji bila kusimama, kama mtoto mchanga. Kuna mkanda wa kiunoni na mwingine wa kifuani, na kwenye wa kifuani kuna filimbi. Nikauliza filimbi ya nini. Akasema mtu akipotea anapuliza. Nikamwambia mimi sina mpango wa kupotea. Shemeji yangu, mkewe, aliyekuja naye, akacheka, sijui alicheka upande gani.

Akanishauri, kwa ile sauti yake ya kuuzia bima, niangalie kama shanta langu linahimili maji. Linahimili kila kitu, nikamwambia. Akauliza kama nimelijaribu. Ujeuri ulioje! Mtu anayeishi kwa kuwatisha watu kwa ajali anataka kunitisha mimi kwa manyunyu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kazini nimemsimulia baba mkwe habari za babu mwindaji. Nimesimulia vizuri, mpaka mimi mwenyewe nikamwonea babu fahari. Baba mkwe alikuwa akipima kioo cha kabati na hakuinua kichwa. Aliuliza tu babu aliwinda wapi. Nikasema huko. Akaguna.

Baadaye akaniambia nikiona shanta ni zito niliache nyumbani, kwa sababu haendi kilimani kutazama mabegi, ana maneno yake ya kusema basi. Nikatabasamu kwa ndani. Ananipima. Anataka kuona kama nitaliacha.

Siliachi.

Jumamosi, 8 Machi

Mikono inauma kiasi kwamba hata kalamu naishika kwa shida. Lakini lazima haya yaandikwe.

Kwanza, baba mkwe alitokea asubuhi na begi la nailoni. Jekundu! Jipya! Amelinunua mwenyewe, hakumwambia mtu, na alikuwa akifungua na kufunga zipu zake kwa furaha kama aliyeletewa zawadi. Akamwonyesha mwanyumba mrija. Wakalinganisha mirija. Nilitaka kulia.

Nikamwuliza, na lile shanta la kwenye picha? Akasema Mungu ashukuriwe, panya walilitafuna. Lile dude ndilo lililomshusha bega la kushoto mpaka leo shati halimkai sawa, na alilibeba kwa sababu lingine halikuwepo. Miaka yote hii nakula kwake, hajawahi kusema! Mtu ana chuki kubwa namna hiyo na shanta, halafu anatundika picha yake sebuleni. Nalaumiwa mimi?

Ila sikukata tamaa. Niliomba nimbebee sweta lake ili apumzike. Ni sweta jeupe alilofumiwa na marehemu mama mkwe, halivai ila siku za maana. Alisita. Nikasisitiza. Akanipa.

Kupanda kwenyewe sitasema mengi. Turubai linakaa mgongoni kama mtu mzima aliyekataa kutembea. Halina mkanda wa kiunoni, kwa hiyo mzigo wote uko mabegani. Jasho lilinitiririka mpaka viatuni. Halina mifuko ya pembeni, kila nikitaka chupa ya maji sharti nisimame, nifungue bizimu mbili, nichimbue hadi chini, nifunge. Wenzangu walinyonya mirija yao na kuendelea na mazungumzo. Nilikuwa nyuma peke yangu nikiwaza ufunguo.

Karibu na kilele mvua ikatupiga. Mwanyumba akavuta kitu chini ya begi lake, kikatoka kifuniko, akalivisha kama anavisha kofia. Baba mkwe naye akavuta, akavisha. Mimi nilitafuta cha kuvuta, hakikuwepo. Tukajibanza chini ya jiwe. Mzee alianza kutetemeka, akaniomba sweta lake.

Ngozi ilikuwa imelowa na kuvimba. Bizimu hazikukubali. Nilivuta kwa vidole, nikavuta kwa meno. Baba mkwe anatetemeka, mimi nang'ata shanta. Mwanyumba akavua koti lake akamvika, na alifanya hivyo kimya kimya, jambo lililoniudhi zaidi. Hatimaye ngozi ikaachia. Nikatoa sweta.

Lilikuwa la kahawia. Siyo lote, mistari na mabaka, na masizi kwenye kola. Rangi ya viatu ilikuwa imeshuka ndani. Nje nako ilikuwa ikichuruzika miguuni mwetu, na kadiri mvua ilivyozidi ndivyo shanta lilivyozidi kuwa kijana. Kijani cha dukani kikarudi chote. Bizimu zikang'aa. Baba mkwe alilitazama, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba marehemu babu yangu alitunza sana vitu vyake, mpaka leo vina harufu ya dukani.

Mwanyumba aligeuka akatazama mawe.

Mzee alilikunja sweta taratibu, akalitia kwenye begi lake jekundu, akafunga zipu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mvua ilipokatika tukafika juu, tukala mikate yetu, tukashuka. Hakutangaza lolote.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu alilifuata sweta kwa baba yake, na amelifua tangu asubuhi. Kahawia imekataa kutoka. Nilimwambia kopo la rangi ya viatu limeandikwa kwamba haitoki hata kwa maji, na ilitoka, kwa hiyo mkosaji ni aliyetengeneza kopo. Akasema kwenye sweta haitoki. Nikaenda kulala.

Jumatatu, 10 Machi

Baba mkwe aliniita karakanani kabla ya kufungua, peke yangu.

Alisema ufunguo ulikuwa wangu. Aliamua tangu mwaka jana. Mwanyumba alialikwa tu ili shemeji asinune, na mwenyewe alijua, wala hakuutaka. Ana kazi yake. Mzee alitaka kunikabidhi pale juu kwa sababu ni pale juu, akiwa kijana na shanta lile mgongoni, alipoamua kuacha kuwabebea watu vyombo akajifunze fani yake mwenyewe. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake njia nzima. Ulikuwa mfukoni wakati nang'ata bizimu.

Nikaketi kwenye kreti la vioo, mahali ambapo huwa nawakataza wengine kukaa.

Akasema mkono wangu hauna kasoro, hajaona anayekata kioo kama mimi. Lakini mteja akiuliza kioo kina unene gani anataka aambiwe unene wake, na yeye, mzee, sasa hajui ningemjibu nini. Kwa hiyo ufunguo ameshampa binti yake mkubwa. Akanishika bega, akaniita mwanangu. Kwa mara ya kwanza. Siku hiyo hiyo!

Niliumia, naandika wazi. Niliumia sana. Halafu nikaanza kufikiri, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyoona kwamba yote ni makosa ya mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu ndiye bosi. Anafungua yeye, anafunga yeye, na jana aliniambia nilichelewa, mimi niliyekuwa nimetoka naye nyumba moja.

Ila kuna habari njema. Baba mkwe amemwambia atakuwa akipita kutuangalia, na akiridhika kwamba mimi ni mtu wa kazi, mtu wa kweli asiye na mambo mengi, habari ya ufunguo itazungumzwa upya. Atapita keshokutwa.

Nimeshapata njia. Nimenunua koti la kazi, jipya, na tangu mchana nalizeesha. Nimelisugua viwiko kwa jiwe la kunolea. Nimelitoboa vitobo vidogo kifuani, kama vya chembe za kioo. Madoa nimeyatia kwa rangi ya mafuta, hayatoki hata mbingu zifunguke. Baba mkwe akiliona tu, atajua linavaliwa na mtu aliyetoa jasho lake mahali hapa miaka na miaka.

Mke wangu akauliza lile koti langu la siku zote, nililokatia vioo tangu tulipooana, liko wapi. Nikamwambia nimelitupa. Lilikuwa limechakaa ovyo ovyo, bila mpango wowote.