Nishike Mkono, Uninyang'anye Kiti

Jumatatu, 23 Machi

Nimechaguliwa mweka hazina wa kwaya ya vijana! Sikuomba. Mzee Nkunzimana, mlezi wetu, kasimama akasema mtoto asiyeongea haibi. Wote wakanigeukia. Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa na muwa mdomoni. Makofi. Apoline, katibu, kapiga mawili tu. Nilimwona.

Faida yake: Jumatatu ya Pasaka tunatoka Kasulu kwenda Kibondo kwenye tamasha, na kwa mazoea ya kwaya yetu mweka hazina hukaa mbele, kando ya mpiga kinanda. Mpiga kinanda ni Cadet. Basi. Sina la kuongeza. Bega kwa bega mpaka Kibondo! Tatizo ni la kumwambia. Kwa Kiswahili naona aibu. Kwa Kiingereza najua kueleza mmomonyoko wa udongo tu.

Fedha zitakaa kwenye laini yangu, ambayo kwa kweli ni ya Mama, maana mimi sijafikisha umri wa kitambulisho. Mama kakubali, ila nisimletee mambo. Mzee naye katoa sharti: kwaya haikopi. Hata senti. Nimeitikia kwa kichwa.

Jumatano, 25 Machi

Balaa. Naandika nikiwa stoo, nyuma ya madumu ya mawese ya Mama.

Leo nilikwenda dukani kwa Hilali, wakala wa pesa za simu, kumtumia Sylvestre mwenye Coaster nusu ya nauli. Hela yote iliyokuwepo. Nimeweka namba ya siri, nimebonyeza, hapo hapo Mzee Nkunzimana kaingia. Mwakeye, kanisalimia! Sasa utafanyaje? Mzee wa Kiha akikusalimia unainama na kupiga makofi, na makofi hayapigwi na simu mkononi. Nikaiweka juu ya gunia la maharage. Akauliza hali ya Mama. Makofi. Hali ya bibi aliyeko Rungwe Mpya. Makofi. Mbuzi wa bibi, yule mwenye mguu? Anachechemea lakini yupo. Makofi. Alipomaliza ukoo mzima na mifugo yake, kioo kilikuwa kimezima na ujumbe hakuna.

Nikasema muamala umekufa. Nikatuma tena.

Simu ikasema salio halitoshi. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza salio limekwenda wapi. Mimi nilisoma mstari wa chini: Nishike Mkono itakujazia, bonyeza 1 kukubali. Kwetu mkono ukinyooshwa haukataliwi. Nikabonyeza.

Ujumbe ukaja mfululizo kama kuku wanaorudi bandani. Umelipa. Umelipa. Umekopeshwa, ada itatozwa kila siku, vigezo na masharti kuzingatiwa.

KWAYA IMEKOPA.

Nikamwandikia Sylvestre (kupiga siwezi, sauti inakwama). Kajibu kwamba ile ya pili imeshakuwa tairi, ataihesabu kama nusu iliyobaki, na hajawahi kuona kwaya inayolipa mapema hivi. Tubarikiwe.

Alhamisi, 26 Machi

Nimerudi kwa Hilali. Nikamnong'oneza. Akajibu kwa sauti ya mnada: aah, umeshikwa mkono! Wateja watatu wakageuka.

Anasema Nishike Mkono ni ya benki na kampuni ya simu kwa pamoja, na dawa yake ni rahisi. Michango ya kwaya ikiingia, niiweke kwenye laini, deni linajikata lenyewe, kwisha habari. Nauli imeshalipwa, nani atajua? Kwa hiyo ningetoka na hasara ya soda mbili tu.

Nikauliza kwa nini ada ni ileile kwa aliyekopa ya nauli ya kwaya na aliyekopa ya chumvi. Kwa nini inakuja kila siku, hata Jumapili. Kwa nini waliandika "bonyeza 1" kwa herufi kubwa na ada kwa herufi za sisimizi. Hilali kasema benki ni duka kama lake. Yeye anauza kiberiti, wao wanauza pesa. Ukichukua kiberiti usiku wa manane ukamwamsha mwenye duka, hutalipa zaidi? Nikasema sikumwamsha mtu. Kasema mdogo wangu Aline, ulibonyeza, hukubonyezwa.

Nimewaza njia nzima. Siwalipi. Ni suala la haki. Nimegoma rasmi: hakuna hata senti itakayoingia kwenye laini ile mpaka wapunguze ada. Wakikosa cha kukata watachoka. Watasahau. Benki ina watu wengi wa kukumbuka.

Ijumaa, 27 Machi

Mgomo unahitaji kutangazwa kwa mgomewa. Nimepiga huduma kwa wateja. Muziki mrefu. Kisha dada mwenye sauti ya Dar akasema karibu, nikusaidie nini? Nikakata. Nikapiga tena. Nikakata. Mara ya tatu nikajikaza, nikasema samahani, nimekosea namba.

Ada imeongezeka.

Jumapili, 29 Machi

Siku ya michango. Nimewaambia wanakwaya mtandao unazingua, walete taslimu. Zote nimezifungia kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Apoline kauliza mbona mtandao unamzingua mweka hazina peke yake, yeye asubuhi kapokea hela kutoka Gwarama bila shida. Nikatazama viatu vyangu. Hiyo ndiyo faida ya kuwa mwenye haya: ukidanganya na usipodanganya, unatazama viatu vilevile.

Cadet kaniuliza kama napendelea dirishani au katikati. KANIULIZA. Nikasema ndiyo. Haikuwa jibu, lakini neno lilitoka.

Jumanne, 31 Machi

Mama kaletewa ujumbe. Kampuni imeona mgomo wangu, ikamwandikia mwenye laini kwenye namba yake nyingine: Ndugu Immakulata, deni lako linaendelea kukua. Mama kaja stoo na mwiko. Nikamweleza yote, kuanzia makofi.

Nilitegemea atakuwa upande wangu. Nusu alikuwa. Kasema ni wezi, maana yeye akikopesha mawese anamwambia mtu usoni, mbele ya jirani: ukilipa leo bei hii, ukilipa mwisho wa mwezi unaongeza kikombe. Mtu anajua kikombe chake kabla hajabeba dumu. Hawa wanakubebesha dumu kwanza! Nikasema eeh Mama, ndivyo! Hapo akanigeuzia mwiko. Akasema sasa mjinga ni nani, wao wanaokula kila siku, au wewe uliyekalia kopo la hela huku wanakula? Deni lina jina langu, mwanangu. Jina langu! Nenda kalipe.

Nikasema kesho. Nilitaka kuwapa benki siku moja ya kujirekebisha.

Jumatano, 1 Aprili

Hawakujirekebisha. Mbaya zaidi, Apoline kafanya uchokozi. Kanisa la Rungwe Mpya limetoa mchango, naye kaurusha moja kwa moja kwenye laini yangu, "kujaribu mtandao". Mtandao uko vizuri sana. Hela imeingia, imemezwa, sikuona hata mkia. Apoline anataka nimwonyeshe salio mbele ya kikao kesho.

Nimekimbia na kopo kwa Hilali. Tumeweka yote. Yote imekwenda. Na bado deni limebaki na kamkia: zile ada za siku za mgomo. Hilali kasema ningekuja na kopo Jumapili ileile ningekuwa huru. Kasema hivyo akitafuna karanga. Kuna watu hawana huruma.

Alhamisi, 2 Aprili

Kikao. Apoline kasoma ajenda moja tu: mimi.

Nilikuwa na mpango. Nikasimama nikaeleza kila kitu kwa Kiingereza. Kizito, cha mtihani. Nilisema ukweli wote, dhamiri yangu iko safi. Nilipomaliza Mzee Nkunzimana kasema amina, na besi wawili wakapiga makofi. Nikakaa. Nikadhani imekwisha.

Apoline akatafsiri.

Alitafsiri vizuri, lazima niseme. Mpaka mbuzi wa bibi. Mzee akauliza kama kweli makosa yalianzia kwenye salamu yake. Nikatazama viatu. Kasema hata yeye angeweka simu chini. Lakini kusalimia ni dakika chache, mwanangu, na wewe ulikaa kimya wiki nzima.

Hesabu ya Apoline: Coaster imelipwa yote, kilichobaki ni kamkia ka deni, na kamkia hako ni sawasawa na nauli ya mtu mmoja. Kwa hiyo kiti kimoja kiuzwe kwa abiria wa nje, deni life leo. Kiti cha nani? Hata Cadet alitazama viatu. Vyangu.

Jumatatu, 6 Aprili

Wamekwenda. Nilisimama na dumu la Mama mpaka Coaster ikapotea. Deni limekufa, kiti kimeuzwa. Mnunuzi: Mama yangu mzazi! Kasema tamasha lina watu, watu wanapika, wanaopika wanataka mawese. Kalipa taslimu, kapanda, kakaa mbele, dirishani, kando ya Cadet. Kabla gari halijaondoka nilimsikia akianza: huyu Aline wangu, alipokuwa mdogo...

Kasulu mpaka Kibondo. Mama hajawahi kuwa na kigugumizi.

Nimebaki na duka la Mama la mawese. Nimeuza vizuri. Hela ya faida kasema nibaki nayo, kifuta machozi.

Jumanne, 7 Aprili

Wamerudi. Tumeshika nafasi ya tatu. Mama kauza yote. Anasema Cadet ni mtoto mzuri, anacheka sana. Sikuuliza alikuwa anacheka nini.

Jioni Cadet kaja mwenyewe dukani! Kasema Mama kamsimulia habari zangu, na kwamba hakujua kuwa naongea. Nikanyamaza. Kisha akashika shingo, akasema waya wa kinanda ulikatika kule Kibondo, fundi anataka hela, kama ningeweza kumkopesha mpaka mshahara wa kaka yake utoke.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilimwambia ndiyo, ninayo, chukua. Akachukua. Akashukuru sana. Alipofika mlangoni nikamwambia kuna ada kidogo. Akauliza kiasi gani. Nikasema asiwe na wasiwasi, ameshakubali, vigezo na masharti nitamweleza.

Ada ni ya kila siku. Jumapili pia. Hailipwi kwa simu, lazima aje mwenyewe.

Kaka yake hulipwa mwisho wa mwezi. Nimeanza kuielewa benki. Watu wale wana akili.